Samaki mkunje angali mbichi: historia fupi ya kukata gharama kabla ya kujenga

Leo tunaweka msimbo kando kidogo tuzungumze historia, kwa sababu kuna swali moja ambalo kila anayeandika programu kwa malipo hapa Kenya amekutana nalo, na jibu lake limetoka mbali.

Swali lenyewe linakuja hivi. Mteja ameiona kazi, ameipenda, halafu anasema: "Sasa hii bei tunaipunguzaje?" Wakati huo hifadhidata imeshapangwa, kurasa 40 zimeshaandikwa, seva imeshakodiwa. Kilichobaki cha kukata ni majaribio, mafunzo ya watumiaji na faida yako. Ukikata majaribio, programu itaanguka mwezi wa pili. Ukikata mafunzo, wafanyakazi watarudi kwenye daftari lao la zamani. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu wetu ameshakauka, na ukimkunja atavunjika.

Mteja ana haki ya kuuliza bei. Shida ni kwamba swali limekuja likiwa limechelewa, tena limeulizwa kwa namna isiyo na jibu zuri. Yuko mtu aliyelipanga swali hili vizuri zaidi ya miaka 70 iliyopita, wala hakuwa mtu wa tarakilishi. Alikuwa mnunuzi wa kiwanda.

Mnunuzi wa General Electric

Lawrence D. Miles alizaliwa mwaka 1904 katika jimbo la Nebraska, Marekani. Alisomea uhandisi wa umeme, na mwaka 1932 akaajiriwa na kampuni ya General Electric mjini Schenectady, New York. Alianza kwa kubuni vali za elektroni, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za wazee wetu. Baadaye akahamia idara ya ununuzi. Kwa hiyo alikuwa mtu wa aina mbili kwa pamoja: anajua kuchora kifaa, na anajua kila kipande kinanunuliwa kwa bei gani. Watu wa namna hiyo ni wachache hata leo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, karibu kila kitu kilikuwa adimu: chuma, shaba, beringi, vipuri vya umeme. Viwanda vilitakiwa kutoa bidhaa nyingi kuliko zamani, na wauzaji walijibu kwamba hawana. Miles angeweza kuandika barua za kulalamika. Badala yake akabadilisha swali. Kama kipande chenyewe hakipatikani, alisema, basi nitafute kitu kingine chochote kitakachofanya kazi ile ile. Hapo ilibidi kwanza ajue kazi yenyewe ni ipi.

Likatokea jambo ambalo wakubwa zake hawakulitarajia. Mara nyingi kile kibadala kilichotafutwa kwa sababu ya shida kilikuwa cha bei nafuu kuliko cha kwanza, na kilifanya kazi vilevile au vizuri zaidi. Harry Erlicher, aliyekuwa makamu wa rais wa kampuni upande wa ununuzi, akajiuliza: kama bahati inaleta faida hii wakati wa vita, kwa nini tusiitafute kwa makusudi wakati wa amani? Mwaka 1947 Miles akapewa jukumu la kuigeuza ile bahati kuwa utaratibu. Wakauita uchanganuzi wa thamani.

Hadithi inayosimuliwa sana kutoka siku zile ni ya asbesto. Kiwandani kulikuwa na sehemu ambapo bidhaa zilichovywa kwenye rangi na kupita juu zikining'inia. Rangi ilidondoka sakafuni, na rangi yenye vimumunyisho hushika moto upesi. Kanuni za kampuni zilitaka sakafu ifunikwe kwa asbesto. Asbesto ilikuwa ghali na haipatikani. Walipoeleza wanaitumia kwa kazi gani, wakaonyeshwa karatasi isiyoshika moto, inayopatikana, kwa bei ya chini kabisa. Lakini kanuni ilisema asbesto, na kanuni ni kanuni. Ilibidi karatasi ijaribiwe na watu washawishiwe mpaka kanuni yenyewe ikabadilishwa.

Leo tunajua kwamba vumbi la asbesto husababisha saratani. Hakuna aliyekuwa akiwaza hilo pale. Waliuliza tu kile kitu kinafanya nini, na swali hilo likawatoa kwenye gharama moja waliyoiona na nyingine ambayo hawakuiona.

Maneno mawili tu

Kutokana na matukio ya namna hii Miles alipanga maswali ambayo yanatosha kwenye kipande cha karatasi. Hiki ni kitu gani? Kinafanya nini? Kinagharimu kiasi gani? Ni kitu gani kingine kinaweza kufanya kazi hiyo? Nacho kinagharimu kiasi gani?

Swali la pili ndilo gumu, na Miles aliliwekea sharti: kazi ya kitu ielezwe kwa kitenzi kimoja na nomino moja. Waya hupitisha umeme. Rangi huzuia kutu. Ukurasa wa kuingilia kwenye programu hutambua mtumiaji. Ukishindwa kuieleza kwa maneno mawili, ama hujaielewa, ama umezichanganya kazi mbili ndani ya kitu kimoja. Jaribu mwenyewe na ile "dashibodi" ambayo kila mteja anaitaka siku hizi. Hufanya nini? Huonyesha mauzo? Huonya upungufu? Hupendeza mkurugenzi?

Hilo la mwisho si mzaha. Miles alikubali kwamba kuna kazi za matumizi na kuna kazi za hadhi, na kwamba watu hulipia zote mbili. Alichokataa ni kulipia bila kujua. Mkurugenzi akitaka duara za rangi za kuonyesha kwenye mkutano wa bodi, aonyeshwe bei yake, achague mwenyewe.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Thamani, kwa hesabu ya Miles, ni kazi ikigawanywa kwa gharama. Ukipunguza gharama na kazi ikabaki, thamani imepanda. Ukiongeza kazi kwa gharama ile ile, imepanda pia. Lakini ukipunguza gharama kwa kuiua kazi, hujaokoa chochote. Umeuza kitu kibovu kwa bei rahisi, na sisi tunajua kwamba rahisi hugeuka ghali.

Mwaka 1954 idara ya meli ya Jeshi la Wanamaji la Marekani ilichukua mbinu hii na kuipa jina la uhandisi wa thamani. Mwaka 1959 wataalamu wake wakaunda chama chao, na mwaka 1961 Miles akatoa kitabu. Polepole jina la kwanza, uchanganuzi, likazoeleka kwa bidhaa ambayo tayari inatengenezwa, na la pili, uhandisi, kwa bidhaa ambayo ingali kwenye michoro.

Kuhamia kwenye michoro kulikuwa na sababu. Kipande kikiwa mchoro tu, kukibadilisha ni raba na penseli. Kikishachongewa kalibu ya chuma, kukibadilisha ni kalibu nyingine. Kikishauzwa, kukibadilisha ni kuwafuata wateja nyumbani kwao. Kwa upande wetu wa programu, Barry Boehm alikusanya takwimu za miradi mikubwa na kuzitoa katika kitabu chake cha mwaka 1981. Alionyesha kwamba kosa la mahitaji likirekebishwa wakati programu imeshaanza kutumika linaweza kugharimu hata mara 100 ya lile lililorekebishwa mapema. Kwa miradi midogo tofauti ni ndogo zaidi, alisema mwenyewe, lakini mwelekeo ni ule ule.

Chipu 21 zikawa 4

Mwaka huo huo wa 1981, huko Cambridge, Uingereza, ulitokea mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ndani yake mbinu ya Miles inaonekana kwa macho, ukifungua tu kifuniko.

Clive Sinclair alikuwa mvumbuzi na mfanyabiashara aliyetaka kuweka tarakilishi katika nyumba ya mtu wa kawaida. Kumbuka Apple II ilipotoka mwaka 1977 bei yake ilianzia dola 1,298. Mwaka 1980 Sinclair akatoa ZX80 kwa pauni 99.95, na pauni 79.95 kwa aliyekuwa tayari kujiunganishia vipande mwenyewe. Skrini ilikuwa televisheni yako, na mahali pa kuhifadhia programu palikuwa redio kaseti yako. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 1. Soma tena: baiti 1,024. Aya hii unayoisoma peke yake ingechukua karibu nusu yake.

ZX80 ilikuwa na chipu 21 ubaoni. Ilikuwa pia na kasoro: prosesa ndiyo iliyochora picha kwenye televisheni, kwa hiyo ikianza kupiga hesabu, picha inapotea. Tena ilijua nambari nzima peke yake, haikujua desimali.

Kwa ZX81 wahandisi wa Sinclair hawakwenda sokoni kutafuta chipu zilezile kwa bei ya chini. Walikwenda kampuni ya Ferranti, iliyokuwa ikitengeneza chipu ya aina ya pekee: vipande vya mantiki vimo ndani tayari lakini havijaunganishwa, na mteja ndiye anayeamua viunganishwe vipi. Wakazichukua kazi zilizokuwa zikifanywa na chipu 18 za ZX80 wakazifunga ndani ya chipu hiyo moja. Ubao ukabaki na chipu 4. Kila chipu iliyoondoka iliondoka na miguu yake, lehemu yake, nafasi yake ubaoni, umeme wake, na dakika za fundi wa kuikagua.

Bei ikashuka hadi pauni 69.95, na pauni 49.95 kwa wanaojiunganishia. Na hapa ndipo somo lilipo: thamani ilipanda huku bei ikishuka. Chipu mpya iliisaidia prosesa kugawa muda wake, hivyo picha ikabaki kwenye skrini wakati wa hesabu. Chipu ya programu ikakua kutoka kilobaiti 4 hadi 8, na desimali zikaingia. ZX81 zaidi ya milioni 1.5 ziliuzwa.

Hata kibodi yake mbaya ina la kutufundisha. Ilikuwa utando bapa wa plastiki, usio na vitufe vya kubonyea, na kuandikia barua ndefu juu yake ni mateso. Lakini ZX80 na ZX81 ziliandika neno zima la lugha ya BASIC kwa kitufe kimoja. Kwenye ZX81, ukibonya P mwanzoni mwa amri, linatokea neno PRINT. Hilo lilipunguza mabonyezo juu ya kibodi ngumu, na ndani ya kumbukumbu neno zima lilichukua baiti moja tu. Uamuzi mmoja wa mezani ukatatua shida mbili. Kazi ya mashine hii ilikuwa kufundisha watu kuandika programu, na kwa kazi hiyo kibodi ile ilitosha.

Kukata mapema kuna hatari yake lakini. Chipu za namna hii zikishatengenezwa hazibadiliki. Katika matoleo ya kwanza ya ZX81, ukiuliza kipeuo cha pili cha 0.25 hupati 0.5, unapata 1.3591409. Wakati huo hakukuwa na intaneti ya kutumia watu sasisho. Programu ilikuwa imechomwa ndani ya chipu, na kosa la mstari mmoja likawa kazi ya mikono. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mkasi ule ule, nguo nyingine

Kama Sinclair angeishia pale, hadithi hii ingekuwa ya sifa tupu. Tarehe 12 Januari 1984 akatangaza mashine ya wafanyabiashara, Sinclair QL, kwa pauni 399. Siku 12 baadaye Apple ikatoa Macintosh kwa dola 2,495. Ukitazama bei peke yake, ungesema Apple imekwisha.

QL ilikuwa na prosesa ya Motorola 68008, ndugu wa bei nafuu wa ile iliyokuwa ndani ya Macintosh, na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Ilikuja na programu za ofisi kutoka kampuni ya Psion. Lakini ili kufikia ile bei, diski iliachwa, na mahali pake vikawekwa vikasha vidogo vya utepe unaozunguka, vilivyoitwa Microdrive. Kila kimoja kilibeba takriban kilobaiti 100.

Sasa uliza swali la Miles. Mahali pa kuhifadhia, katika mashine ya mfanyabiashara, hufanya nini? Hutunza hesabu. Utepe mwembamba uliolalamikiwa na wanunuzi wa mwanzo kwamba unakwama au kupoteza faili hautunzi hesabu. Mtoto anayejifunza BASIC akipoteza programu yake usiku, ataandika nyingine kesho. Mwenye duka akipoteza orodha ya wadeni amepoteza pesa. Gharama ilikatwa, na kazi ikaenda nayo.

Tena ilitangazwa kabla haijakamilika. Mashine za kwanza zilipofika kwa wanunuzi, miezi kadhaa baadaye, sehemu ya mfumo wake haikuwa imeenea ndani, ikabidi ining'inizwe nyuma kwenye kijisanduku. Wafanyabiashara hawakusubiri. Aprili 1986 kampuni ya Amstrad ikanunua biashara ya tarakilishi ya Sinclair kwa pauni milioni 5, na QL ikazikwa. Mmoja wa waliobaki nayo alikuwa kijana wa Finland aitwaye Linus Torvalds. Programu za QL zilikuwa haba, hivyo akajiandikia vyombo vyake mwenyewe, na mazoezi hayo yalimfaa alipoanza Linux mwaka 1991. Lakini hakuna mtu anayebuni bidhaa kwa kutegemea mnunuzi wa namna hiyo.

Kampuni moja, watu walewale, mkasi ule ule. ZX81 ilikatwa baada ya kujua kazi. QL ilikatwa ili kufikia bei.

Thika, 2005

Turudi nyumbani, maana sisi wenyewe tuna mfano ambao dunia nzima inausoma.

M-Pesa haikuanza kama njia ya kutuma pesa. Nick Hughes wa Vodafone, akisaidiwa na ruzuku ya serikali ya Uingereza, alikuwa na wazo la kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Susie Lonie akaletwa Kenya kulisimamia. Oktoba 2005 majaribio yakaanza pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, kwa wateja wasiozidi mia chache, Nairobi na Thika.

Wateja wakafanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mchoro. Walitumiana pesa wao kwa wao, wakanunuliana salio la simu, wakaweka pesa mahali pamoja kabla ya safari na kuzitoa walikofika. Upande wa mikopo, ambao ndio uliozaa mradi, ulikuwa mgumu: hesabu za vikundi vya wakopaji hazikupatana vizuri na mfumo mpya.

Wakati ule, mtu wa Nairobi aliyetaka kumtumia mama yake pesa kijijini alikwenda Posta, au alimpa dereva wa basi bahasha na kumwomba Mungu. Waliokuwa wakisimamia majaribio waliona kazi halisi iko wapi. Kwa maneno mawili: hutuma pesa. Bidhaa ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo ilikuwa imeondolewa, na ahadi kwa mteja ilikuwa moja tu, tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kwisha wateja walikuwa wamepita milioni moja.

Tazama pia walichokataa kujenga. Hawakudai simu mpya: menyu iliwekwa ndani ya laini, hivyo hata simu ya bei ya chini kabisa ilifaa, ingawa mteja alilazimika kubadilisha laini. Hawakujenga matawi: maduka yaliyokuwa yakiuza kadi za salio yakawa mawakala. Maamuzi haya yalifanywa watu wakiwa mia chache. Kuyafanya na watu milioni ingekuwa habari nyingine.

Walakini kilichoachwa hakikupotea bure. Seva za M-Pesa zilikaa Ujerumani hadi mwaka 2015, zilipohamishiwa Kenya. Waandishi wa programu nao walikaa miaka mingi bila mlango wa wazi. Wengi waliandika programu za kusoma SMS za uthibitisho ili kujua kama malipo yameingia, mpaka Daraja ilipofunguliwa mwaka 2017. Pengine ulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu mwaka 2007 hatukuwa sisi wa kwanza kuhudumiwa. Lakini bili ilikuwepo, na sisi ndio tuliobebeshwa.

Kabla ya mstari wa kwanza

Kwa hiyo mradi mwingine ukija mezani, kabla hujafungua kihariri, chora jedwali lenye safu nne. Ya kwanza, kila ukurasa au kipengele ambacho mteja ameomba. Ya pili, kazi yake kwa kitenzi na nomino. Ya tatu, siku zake za kazi, kwa sababu siku ndiyo pesa yetu. Ya nne, kitu kingine kinachoweza kufanya kazi hiyo: SMS badala ya programu ya simu, karatasi ya hesabu badala ya ripoti 12, karani mmoja badala ya mfumo wa idhini wa ngazi tano.

Kisha kaa chini na mteja mlisome pamoja. Vitu viwili vikiwa na maneno yale yale kwenye safu ya pili, kimoja kinaondoka. Kitu kikikosa maneno kabisa, mwulize nani alikiomba. Na pale ambapo kazi ni ya kufa na kupona, kama kutunza hesabu za wadeni, usiguse hata kama bei inauma. Hapo ndipo QL ilipokatika.

Swali la bei litaulizwa siku hiyo, kama inavyopasa, lakini litakuta mna kitu cha kukata ambacho hakitoi damu. Ukilijaribu jedwali hili, niandikie uniambie mistari mingapi ilianza na mingapi ilibaki. Hadi wakati mwingine, kwaherini.